Kabla Hajatenda

Filamu hii niliitazama mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa chuo cha theolojia, Jumamosi jioni, wanaume tisa tumebanana mbele ya kompyuta moja. Inaitwa Minority Report. Iliongozwa na Steven Spielberg, ikatoka mwaka 2002. Wakati ule tuliipenda kwa mbio zake na magari yake. Mwaka jana niliitazama tena pamoja na mwanangu, na usiku ule sikupata usingizi.

Hadithi inatokea Washington, mwaka 2054. Kwa miaka sita mauaji yametoweka mjini humo, kwa kuwa polisi wana watu watatu wanaoona mauaji kabla hayajatokea. Watatu hao wamelazwa kwenye bwawa la maji, nusu usingizini kwa dawa. Wakiona jambo, mashine inachonga jina la muuaji kwenye mpira wa mbao, na kikosi kinaruka kwenda kumkamata. Mwanzoni tu wanamkamata mwanamume aliyemfumania mkewe. Mkasi uko mkononi, lakini hajamchoma mtu. Analia kwamba hakutaka kufanya lolote, na hakuna anayemsikiliza.

Anakuja mkaguzi, jina lake Witwer, ambaye aliwahi kusoma seminari (hapo tulishangilia). Anamwambia mkuu wa kikosi, Anderton, kwamba watu hao hawajavunja sheria yoyote. Anderton anambingirishia mpira mezani, na Witwer anaudaka ukingoni. Anaulizwa kwa nini ameudaka, anasema ungeanguka. Basi, anaambiwa, kuuzuia hakubadilishi ukweli kwamba ulikuwa unaanguka. Pale chuoni tuliliona jibu hilo kuwa zuri mno, nami nililitumia hata kwenye mjadala darasani. Sikufikiri kwamba mpira hauwezi kutubu.

Sasa nieleze kilichoninyima usingizi.

Miaka tisa iliyopita, katika usharika niliokuwa nauchunga, vijana walimpendekeza mwenzao awe mhazini wao. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwimbaji wa kwaya, mtoto niliyemfundisha kipaimara. Baba yake alikuwa ametengwa zamani, kabla sijafika, kwa fedha za mabati ya kanisa ambazo hazikuonekana. Jambo lilipofika barazani kwa wazee wa kanisa, mimi ndiye niliyesema kwanza. Nilisema tusimwingize kijana majaribuni, damu ni damu, na kuzuia ni upendo. Nilitaja hata dhambi ya asili. Nilikuwa na mamlaka na nilikuwa na msamiati.

Mama mmoja mzee aliinua mkono akauliza, "Mchungaji, huyu mtoto ameiba nini?" Pakawa kimya. Kisha tukaendelea. Katibu akaandika kwamba wajumbe wote wameafiki kwa kauli moja, nami nikatia sahihi. Kijana hakupewa sababu. Aliacha kwaya, halafu akaacha kuja kabisa.

Jina la filamu linatokana na jambo kama hilo. Wale watatu hawaoni sawasawa kila mara. Mmoja akitofautiana na wenzake, alichokiona kinafutwa kwenye kumbukumbu, ili watu waendelee kuuamini mfumo. Hayo ndiyo maoni ya wachache. Nakala halisi hubaki ndani ya yule aliyeona. Mara ya kwanza nilidhani hiyo ni hila ya mwandishi wa hadithi tu. Mara ya pili nilisikia sauti ya yule mama.

Mwanangu aliniuliza, "Baba, lakini Mungu si anajua kesho?" Anajua. Nilimfungulia Luka 22. Yesu alijua kwamba Petro angemkana usiku uleule, akamwambia waziwazi, hata jogoo akamtaja. Lakini kabla ya kumwambia alikuwa amekwisha kumwombea, na akampa kazi ya kufanya atakapogeuka: kuwaimarisha ndugu zake. Hakumwondoa mezani. Mimi sikujua lolote juu ya yule kijana, nilikisia tu, na kwa kukisia huko nikamwondoa. Fundisho la dhambi ya asili nililisoma vizuri na kulitumia vibaya. Nililielekeza kwa mtoto wa mtu mmoja, wakati linaanza na aliyekalia kiti cha mwenyekiti. Katika filamu, Anderton anaelewa pale mpira unapotoka na jina lake mwenyewe.

Mwishoni mwa filamu mpango unafutwa na wafungwa wote wanasamehewa. Lakini tunaambiwa kwamba polisi waliendelea kuwafuatilia wengi wao kwa miaka. Ndivyo tunavyowatazama waliorudi kundini siku sadaka inapohesabiwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtafuta. Ana kibanda cha kutoa na kuweka fedha za simu karibu na stendi, na watu wanampa fedha zao tangu asubuhi hadi usiku. "Shikamoo, Mchungaji." Nikaitikia marahaba, nikasubiri foleni ipungue, nikamwambia yote, pamoja na maneno ya damu ni damu. Alikuwa anapanga noti za elfu kumi, hakuacha.

"Najua," akasema. "Mama aliniambia wiki ileile. Alisema yeye alikataa." Yule mama tulimzika miaka miwili iliyopita. Ibada niliiongoza mimi, na sikulitaja jambo hilo.

Nikamwuliza kama anasali mahali. Akasema anasali, akanitajia kanisa jingine. Kisha akauliza kama kile kitabu cha kumbukumbu za vikao bado kipo. Nikamwambia kipo, kwenye kabati la ofisi ya usharika.

"Basi waandike kwamba alikataa," akasema, akamwita mteja aliyefuata.

Mchungaji aliyepo sasa amenikubalia niingie kwenye kikao chao. Ni tarehe 14, na jambo langu limewekwa ajenda ya nne, baada ya taarifa ya fedha.