Mgeni Anayelipa Bado ni Mgeni

Metro ya Bursaray iliniteremsha mashariki ya jiji la Bursa, kaskazini-magharibi mwa Uturuki, mahali ambapo mlima Uludağ wenye mita 2,543 umeziba nusu ya mbingu. Nikadandia basi dogo lililojaa akina mama na vikapu vyao, tukapanda taratibu mpaka kwenye uwanja wenye miti mikubwa ya kivuli. Barabara ya magari iliishia hapo. Mbele ni Cumalıkızık, kijiji chenye nyumba za kale takriban 270 zilizobanana kwenye mteremko.

Ghorofa ya chini ya kila nyumba ni ukuta wa mawe, aghalabu bila dirisha. Juu yake wamejenga kwa mbao na matofali ya udongo, wakapaka rangi ya samawati, manjano au zambarau. Vyumba vya juu vimechomoza njiani hata mapaa ya majirani wawili yanataka kugusana. Njia zimetandikwa mawe na kuinamishwa kuelekea katikati, ili maji ya mlimani yapate mkondo wake. Kuna uchochoro mmoja, wanauita Cin Aralığı, yaani Upenyo wa Majini. Mtu akiwa anatoka, wewe unayeingia huna budi kungoja. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar hatababaika hapa: anajua kwamba ukuta usiosema kitu nje huficha ua mpana ndani.

Ila hapa nyua zenyewe zimefunguliwa. Karibu kila lango la mbao lina meza, na nyuma ya meza kuna mwanamke: chupa za siki, tambi zilizokatwa kwa mkono, tarhana ya kupikia supu, na jamu ya ahududu, vitunda vyekundu ambavyo kijiji kinajivunia. Vibao vinatangaza köy kahvaltısı, staftahi ya kijijini. Wageni walianza kumiminika hasa baada ya tamthilia ya televisheni ya Kınalı Kar kupigwa picha hapa mwaka 2002, na mwaka 2014 UNESCO ikakiingiza kijiji pamoja na Bursa katika Urithi wa Dunia. Nikawa natembea na swali moja: mahali ambapo kila mlango una bei, ukarimu umebaki wapi?

Nililipeleka swali hilo kwenye ua wa bibi mmoja aliyekuwa ameketi chini, akisukuma donge la unga kwa kijiti chembamba kirefu mpaka likawa jepesi kama kitambaa. Akatia jibini na mchicha, akakunja, akatupa juu ya bati la chuma lililobinuka motoni. Hiyo ni gözleme. Kabla haijaiva meza yangu ilishajaa: zeituni nyeusi, jibini za aina mbili, nyanya na matango, mayai, asali na malai mazito, jamu, mkate. Chai ya rangi ilikuja katika bilauri ndogo isiyo na mkono, na kila nilipoimaliza ikajazwa tena. Mjukuu wake, mwanafunzi aliyekuwa mkalimani wetu, akaninong'oneza siri ya kujiokoa: laza kijiko juu ya bilauri, wataelewa umetosheka.

Nikauliza bei, nikatajiwa, nikalipa. Bibi akahesabu noti mbele yangu bila haya yoyote, akazitia mfukoni. Nilipoinuka kuaga, akashangaa.

“Unakwenda wapi, mwanangu? Hujaingia ndani bado.”

Nikavua viatu, nikapewa ndala za wageni. Juu, katika chumba chenye makochi yaliyozunguka kuta, binti yake alinimiminia viganjani kolonya yenye harufu ya limau, kisha akaleta kahawa. Wakaniuliza kama wazazi wangu wako hai, kama nina watoto, na kwetu mvua hunyesha mwezi gani. Nilipogusa tena pochi, bibi aliweka mkono kifuani na kutikisa kichwa. Staftahi niliinunua, kahawa ilikuwa yake, na hakuwa anaiuza.

Nilimwambia mjukuu kwamba nimeshindwa kuelewa mpaka huo unapita wapi. Akacheka, akasema nyanya yake hajawahi kuutafuta.

Lakini historia ya kijiji inausogelea. Waosmani chini ya Orhan waliitwaa Bursa mwaka 1326 na kuifanya makao yao makuu. Walijenga misikiti, shule, hamamu na majiko ya kulishia maskini na wasafiri. Vitu hivyo havikuendeshwa kwa dua peke yake. Vijiji kama Cumalıkızık viliwekwa wakfu, na mapato ya mashamba yake yakagharimia huduma za mjini. Msafiri aliyepewa bakuli la supu Bursa hakutoa senti, lakini kuna mkulima huku mlimani aliyekuwa ameilipia kwa jasho lake. Leo hesabu imegeuka tu: msafiri anapanda mwenyewe mpaka kwa mkulima, anaweka noti mezani, na kwa noti hizo mapaa yanapigwa vigae upya.

Jioni niliteremka na kundi la wanafunzi waliotoka matembezini. Jumamosi na Jumapili, wenyeji waliniambia, watu wa Bursa na İstanbul hujaa mpaka njia hazipitiki, hivyo anayetaka kuitwa ndani aende siku ya kazi, na aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Wazee wetu wa pwani nao hawakuudhania ukarimu kuwa kitu kisicho na hesabu. Walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa Cumalıkızık hushika jembe lake tangu asubuhi ya kwanza, ndiyo maana mwenyeji wake ana nafasi ya kumpa kahawa bure.