Neno Moja la Kayikuuzi

Muhula uliopita mwalimu wetu wa fasihi alitupa kazi ambayo sikuitarajia katika darasa la Kiswahili. Tulisoma maandishi mawili ya kale kutoka Marekani, kisha kila mwanafunzi akatakiwa kuyajibu kwa utungo wake mwenyewe. Hakutaka uchambuzi. Alitaka tutunge.

Maandishi ya kwanza yalikuwa mashairi ya Phillis Wheatley. Alitekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto wa miaka saba au minane hivi, akashushwa Boston mwaka 1761. Jina la Phillis lilikuwa la meli iliyomleta, na Wheatley lilikuwa la watu waliomnunua. Kitabu chake kilichapwa London mwaka 1773, na ndani yake wanaume 18 wa Boston walitia sahihi kuthibitisha kwamba ni yeye kweli aliyeandika.

Maandishi ya pili yalikuwa hadithi ya uumbaji ya Wahaudenosaunee, wenyeji wa kaskazini mashariki ya Marekani. Mwanamke anaanguka kutoka mbinguni. Chini ni maji matupu. Ndege wanampokea kwa mabawa, wanyama wanazamia kuleta tope, na tope hilo linawekwa juu ya gamba la kobe hadi linakuwa nchi.

Niliposoma hadithi hiyo nilimkumbuka Nambi. Sisi Waganda pia tuna mwanamke aliyetoka mbinguni. Nambi, binti wa Ggulu, alimpenda Kintu aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu. Ggulu akawaambia waondoke upesi, wasirudi nyuma hata wakisahau kitu, ili kaka yake Nambi aitwaye Walumbe, yaani Kifo, asiwafuate. Nambi akarudia mtama wa kuku wake, na Walumbe akamfuata. Watoto walipoanza kufa, Ggulu alimtuma Kayikuuzi, kaka mwingine, aje amkamate. Watu wakaagizwa wakae ndani, mtu yeyote asipige kelele. Watoto wakamwona Walumbe, wakalia, naye akazama ardhini kule Ttanda. Yupo mpaka leo.

Nikaamua kuiandika hadithi hiyo kwa Kiswahili, nikiisimulia kwa mdomo wa mmoja wa wale watoto waliolia.

Ninaishi Kyebando na Jjajja, mama yake mama yangu. Jioni moja alikuwa uani akimenya matoke, nami nikaketi karibu naye nikamsomea utungo wangu, sentensi kwa Kiswahili, kisha maana yake kwa Kiganda. Alisikiliza vizuri, hata akanirekebisha kuhusu mtama. Nilipofika mahali Kayikuuzi anapowaamuru watu, nikasoma kwa sauti kubwa: "Kimya!"

Jjajja akaweka kisu chini.

"Neno hilo usilifasiri," akasema. "Ninalijua."

Nilikuwa nikidhani Jjajja hajui Kiswahili. Kumbe anajua maneno machache: fungua, lala chini, toa pesa, kimya. Aliyafunzwa na wanajeshi usiku mmoja wa mwaka 1982. Walikuja kumchukua kaka yake, na hakurudi tena. Mama yangu alikuwa mtoto mchanga. Jjajja alimziba mdomo kwa kiganja chake mpaka wakaondoka, na anasema aliogopa kukiondoa kiganja asije akakuta amemuua mwenyewe.

Nilifunga daftari langu. Niliona aibu. Darasani tunaambiwa kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu Katiba ya Uganda irekebishwe mwaka 2005, na kwamba mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Huambiwa pia kwamba wazee wetu wanakidharau. Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo. Jjajja hakukidharau. Alikuwa amekisikia mara moja tu, na mara hiyo ilimtosha.

Baada ya muda akaokota kisu, akaendelea kumenya. "Kayikuuzi hakuwa mwanajeshi," akasema. "Alikuwa mjomba wa wale watoto. Mjomba haamrishi namna hiyo, anabembeleza. Na watoto usiwalaumu. Mtoto akimwona Walumbe atalia tu. Mwenye makosa ni Walumbe."

Usiku ule nilifuta "Kimya!" nikaandika: "Wajomba zangu, nawaomba msitoe sauti, niko hapa pamoja nanyi." Kwa Kiswahili mjomba na mpwa huitana mjomba wote wawili, jambo ambalo lilimfurahisha sana Jjajja nilipomweleza. Nikabadilisha pia mwisho. Mtoto wangu haombi radhi kwa kulia.

Nilipoyarudia mashairi ya Wheatley niliyasoma kwa namna nyingine. Kiingereza chake kilimjia kwa njia ya meli iliyomtoa kwao, naye hata hivyo alikaa akakitungia, neno baada ya neno. Sijui kama lugha inaweza kusafishwa. Ninajua tu kwamba sasa Jjajja ana neno la tano la Kiswahili, ambalo hakulipata kwa mwanajeshi. Jana fundi wa bomba alipobisha mlangoni, nilimsikia akimkaribisha kutoka jikoni: "Mjomba, ingia."