Nani anayelisha gitaa la Nyankunde?

Kila wiki simu yangu inajaa ujumbe wa namna moja: "Yaya, tupitishie wimbo wa yule kijana wa gitaa." Tunaupitisha. Kesho yake umeingia kwenye kadi za simu, watu wa pikipiki wanaupeleka Marabo na Komanda, na jioni unasikika hata kwenye mahema. Kijana mwenyewe anabeba matofali ili apate makuta ya kununua nyuzi. Sitamtaja jina hapa, na sababu yake utaiona mbele kidogo.

Wengi wananijibu kwamba msanii mwenye akili hutafuta mkubwa wa kumbeba. Ni desturi ya zamani katika muziki wetu. Kinshasa wanaita kurusha libanga, yaani jiwe: mwimbaji anaingiza katika wimbo jina la mfanyabiashara, afisa ama mwanasiasa, na mwenye jina anatoa pesa. Albamu nyingi kubwa za nchi hii zimejaa majina ya namna hiyo. Lakini kwetu Irumu jina halipiti hivi hivi. Ukitaja mtu, watu wanauliza ni wa upande gani, na baada ya yale tuliyoyaona hapa Septemba 2002, hakuna wa kutulaumu kwa kuuliza. Kijana wetu aliahidiwa kulipiwa studio yote Bunia, sharti jina la bwana mmoja lisikike mara mbili. Alikataa. Aliniambia: "Yaya, nikimwimba huyu, kesho nitapita njia gani na gitaa mgongoni?"

Kuna wanaoishi kwa miradi. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, wasanii wa Ituri na Kivu ya Kaskazini waliitwa kuimba juu ya kunawa mikono na kukubali chanjo. Ilikuwa kazi nzuri na ilisaidia watu. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, bahasha nazo zikaisha, na siwezi kulaumu mtu kwa hilo, mradi ni mradi. Ila mwimbaji hawezi kungoja ugonjwa mwingine ndipo watoto wake wale.

Harusi je? Noti za 500 na 1000 zinabandikwa kwenye paji la uso wa mwimbaji, mama zetu wanacheza, vigelegele vinapigwa. Zanzibar wanafanya hivyo hivyo kwenye taarabu, wanaita kutunza. Mimi napenda sana desturi hii. Shida yake ni kwamba hailingani na kalenda ya njaa: Jumamosi moja una mfuko mzima, halafu wiki sita hakuna harusi.

Vijana wanaosoma Bunia wananiambia dawa ni intaneti. Haya, tuangalie. Tangu 2024, Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. YouTube, kwa njia ya kawaida ya kupata fungu la matangazo, inataka watu 1,000 waliojiandikisha na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka. Sasa wimbo wa kijana wetu unasikilizwa zaidi ya hapo, nina hakika, lakini unapita simu kwa simu, bila mega. Hakuna mashine inayohesabu kadi ya simu ya mama muuza mikate.

Kwa hiyo narudi kwa mama muuza mikate mwenyewe, kwa sababu yeye ana jibu kuliko sisi wa redio. Yuko katika AVEC. Mfumo huo wa vikundi vya kuweka akiba ulianza Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, na leo karibu kila kijiji chetu kinaujua. Sanduku lina makufuli matatu, funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti, na anayetunza sanduku hana ufunguo. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote. Watu wanaoogopa kuacha 200 mezani wanaacha humo akiba ya mwaka mzima! Kinachowapa imani si utajiri. Ni kwamba kila mtu anaona.

Basi wapenzi wa msanii wafanye kikundi kama hicho. Tuseme watu 60, kila mmoja 1000 kwa mwezi: ni 60,000. Si mshahara, lakini inanunua nyuzi, inalipa safari ya Bunia, na inaanza kulipa studio. Muhimu zaidi, akiondoka mmoja kwa hasira, wimbo unapoteza 1000 tu. Akiondoka bwana yule mmoja, unapoteza vyote, na kabla hajaondoka ameshakuambia uimbe nini.

Wakati wa mavuno ya maharagwe na mahindi, mtu alipe miezi mitatu pamoja, kwa maana mkulima hana mwisho wa mwezi. Pesa zikusanywe mkononi, zisitumwe vipande vipande kwa simu, kwa sababu makato ya kutuma na kutoa yanakula kile kidogo. Na nakataa kabisa kusoma namba ya simu ya msanii hewani, hata mkiniomba mara kumi: namba ikisikika kuwa inapokea pesa, si wapenzi wa muziki peke yao watakaoipiga. Msanii naye awe na deni: wimbo mmoja mpya kila baada ya miezi miwili, na hesabu isomwe mbele yake. Majina ya waliotoa yabaki kwenye daftari. Yasiingie katika wimbo, hata la mwenyekiti.

Najua swali lenu, ninyi mlio kambini. Mtu aliyeacha shamba na mbuzi atoe 1000 ya nini? Asitoe. Wimbo unaopita hewani ni wa wote, na asisikie aibu mbele ya aliyetoa. Lakini mama mmoja pale kambini alinishangaza: alisema hana franka, ila ana wajukuu wawili wanaojua nyimbo za zamani za Kibira ambazo kijana hazijui, na anaweza kumfundisha. Hicho nacho ni kitu cha kuandikwa kwenye daftari.

Haki za watunzi, zilizo mikononi mwa SOCODA tangu ilipochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011, nitazizungumzia siku nyingine, ni mambo marefu.

Kijana amekubali kujaribu kwa miezi sita. Sanduku limetengenezwa na seremala wa hapa. Ufunguo wa kwanza uko kwa mwalimu mmoja, wa pili kwa mama muuza mikate. Wa tatu tumeuacha kwa makusudi: tunataka uende kwa mtu anayeishi kambini, na mtamchagua ninyi wenyewe.