Pikapu za Garsen: Kutoka Springi hadi Sensa

Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kununua pikapu Garsen aliulizwa njia kabla ya kuulizwa pesa. Anabeba embe za Ngao au mbuzi wa mnadani? Anashuka Malindi au anaingia Kipini? Udongo mweusi wa delta ya Tana ukilowa humeza gurudumu hadi ekseli, na ukikauka hupasuka mitaro ya kuvunja springi. Gari lililosifiwa Mombasa liliweza kuaibika hapa kabla ya adhuhuri.

Mzee mmoja wa Minjila, aliyeendesha pikapu zake na za watu, huanza hesabu na Land Rover. Enzi hizo hapakuwa na daraja Garsen. Magari yalivushwa Tana kwa pantoni la kuvutwa kwa mikono, na mto ukijaa safari iliishia ukingoni. Land Rover ilipendwa kwa bodi yake ya aluminiamu, isiyoliwa na kutu, na kwa kuwa fundi aliweza kuifungua chini ya mkwaju kwa spana za kawaida. Zilikuwa zikiunganishwa Thika, kwenye kiwanda cha Leyland. Mwenye gari alitembea na springi ya akiba, waya, kipande cha sabuni cha kuziba tangi likitoboka, na utingo asiyeogopa matope. Ila mzigo ulipozidi, injini ilichoka upesi, na mzee hana haya kuyasema hayo mbele ya wanaoitetea.

Peugeot 504 anaipitia haraka. Ilikuwa tamu barabarani, na iliendelea kuunganishwa Kenya hadi 2004. Lakini ilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Masika yakianza, ilikaa nyumbani.

Halafu ikaja Land Cruiser, au Kruza, na hapo mzee huvuta kiti. Anayoisifu ni ile yenye injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, bila turbo, pampu ya mafuta ya chuma tupu isiyojua kompyuta ni nini. Toyota iliitoa injini hiyo mwaka 1990, na polisi, mashirika ya misaada na wafanyabiashara wa mifugo wakaikumbatia kwa sababu moja: ilisamehe. Dizeli chafu ilisamehe. Oili iliyochelewa kubadilishwa ilisamehe, ingawa mafundi hawapendi wateja wasikie hilo. Kitu kimoja tu haikusamehe, nacho ni mkanda wa taimingi. Ukipuuzwa ukakatika, pistoni hukutana na valvu, na injini nzima hufunguliwa. Wengi walionunua Kruza zilizouzwa na mashirika hawakujua mkanda ulibadilishwa lini, wala hawakuuliza.

Watu wa Isuzu walikuwa na jibu lao, nalo lilikuwa la mfukoni. TFR, na baadaye D-Max, zilikuja na injini ndogo ya silinda nne, lita 2.5 kwa zile za kawaida, wakati Kruza ilikunywa dizeli kama ngamia aliyefika kisimani. Isuzu zinaunganishwa Nairobi, katika kiwanda cha General Motors kilichochukua jina la Isuzu East Africa mwaka 2017, kwa hiyo spea hupatikana. Mabishano hayo yalimaliza birika nyingi za chai. Wa Kruza alisema, “Utanivuta siku gani?” Wa Isuzu akamjibu, “Siku utakapoishiwa mafuta.”

Kilichobadilisha mazungumzo ni lami. Ilipofika Garsen kutoka Malindi, na baadaye ilipoelekea Witu na Lamu, springi na ekseli ziliacha kuwa habari kubwa. Watu wakataka mwendo, kiyoyozi na kabini ya milango minne. Hilux za turbo zikashika nafasi, na ugonjwa ukahama kutoka chini ya gari ukaingia kwenye nozeli. Nozeli ya 1HZ hufunguka kwa shinikizo la bar 150 hivi. Mfumo mpya husukuma dizeli kwa zaidi ya bar 1,000, kupitia matundu membamba mno. Tone la maji au uchafu ambao Kruza ingeukohoa tu, huku hugharimu seti nzima ya nozeli.

Dizeli yenyewe ilikuwa na visa vyake. Kwa muda mrefu wajanja waliichanganya na mafuta ya taa yaliyokuwa ya bei nafuu, hadi serikali ilipoyatoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili faida hiyo ife. Kabla ya hapo, mwaka 2015, Kenya ilikuwa imehamia dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Bila mabadiliko hayo mawili, pengine Hilux mpya zingeonekana mbovu kwa kosa lisilo lao.

Mwishoni mwa 2023 Tana ulifurika, na barabara ya Lamu ikakatika upande wa Gamba na Lango la Simba. Ghafla Kruza kuukuu zenye bomba la hewa lililopandishwa hadi paani zikawa na heshima tena, huku magari mapya yenye sensa, yaani vihisi vya kielektroniki, yakisubiri maji yapungue. Hukumu ya mzee ni hii: kwa anayeshinda kwenye lami ya Malindi, D-Max inatosha na inabakiza pesa; kwa anayeingia ndani ya delta, bado hajaona cha kuishinda Kruza ya 1HZ.

Ila kwa wote wawili ana ombi moja. Ekseli yenye moto ikizama kwenye maji baridi huyanyonya ndani. Ukishavuka mafuriko, fungua difu uangalie oili kabla ya safari nyingine. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imwage yote na utie mpya siku hiyo hiyo, kisha umwage pia maji yaliyotuama chini ya filta ya dizeli.