Ukuta wa Zamani Haupigwi Saruji

Parokiani kwetu Babati mjini, kila jumuiya ndogondogo imepangiwa mchango wa kupiga lipu ya saruji na kubandika marumaru kwenye kuta za kanisa la zamani. Sababu ni kwamba ukuta una unyevu, rangi inabanduka, na tunaaibika mbele ya wageni. Mimi napinga. Naliandika hapa kwa sababu wengi wetu tumetoka kwenye parokia zenye jengo kama hilo, na likizo ikifika sisi “wasomi” ndio tunaulizwa maoni.

Kanisa lenyewe si kubwa. Kuta nene za mawe na tofali za kuchoma, zimeshikwa kwa udongo na chokaa. Madirisha ya tao, bati lenye mteremko mkali juu ya kenchi za mbao ngumu. Mchana jua likiwaka, ndani kuna ubaridi kama pangoni. Kwenye kanisa jipya, mahubiri yakirefuka kidogo tu, watu wote wanajipepea kwa karatasi za matangazo.

Ukuta wa namna hiyo unanyonya maji na kuyatoa tena polepole kupitia lipu ya chokaa. Ukiufunga kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Yanabaki ndani, udongo unalainika, na baada ya misimu michache ya mvua lipu inavimba na kuanguka na vipande vya tofali. Nilimfuata fundi mmoja mzee aliyewahi kufanya ukarabati pale. Baada ya shikamoo akacheka: “Mwanangu, maji yanaingilia juu na chini, nyie mnaziba katikati.” Akanionyesha gata lililojaa majani na viota, halafu bustani ya maua ambayo udongo wake umerundikwa hadi juu ya msingi. Bustani hiyo, jamani, sisi vijana ndio tunaimwagilia kila Jumamosi!

Wapo wanaosema jengo la kihistoria litalindwa na serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Sasa piga hesabu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bagamoyo 1868. Yaani hata misheni ile, ulikopitishwa mwili wa Livingstone mwaka 1874, imechelewa miaka mitano, na inahitaji waziri aitangaze. Kanisa la Mtakatifu Yosefu Dar es Salaam lilianza kujengwa 1897. Makanisa yetu ya huku bara ni ya baadaye zaidi, kwa hiyo mlinzi wake ni muumini mwenye ngazi na koleo.

Mama yangu ni mweka hazina wa jumuiya, na ameshanionya: watu hawachangii gata. Gata halina mgeni rasmi, halina jiwe la msingi la kuandikwa jina. Hapo kanishika, sina jibu zuri. Halmashauri ya walei imetupa vijana dakika 10 kwenye kikao kijacho. Kabla ya hapo tumeshaazima ngazi. Jumamosi tunasafisha gata na kuhamisha ile bustani, tukiwahi mvua, ili tukiingia kikaoni tuwe na ukuta wa kuonyesha.