Mji Tunaopita Bila Kuuona

Kwa sisi wa Mbesa, wilayani Tunduru, Songea ni mji wa shughuli. Mtu haendi Songea kutembea. Anakwenda kwa sababu kuna faili la kufuatilia, kesi ya shamba, mtoto wa kupeleka shule, au mgonjwa aliyepewa rufaa. Anashuka stendi na bahasha mkononi, anashughulikia kilichomleta, analala kwa ndugu, na alfajiri anatafuta basi la kurudi Tunduru. Wapo watu wazima kwetu ambao wanaweza kukutajia gesti ya bei nafuu kuliko zote, duka la vipuri vya mashine ya kusaga na saa dirisha la hospitali linapofunguliwa. Waulize zile sanamu za pale makumbusho ya Mahenge ni za akina nani. Watakwambia ni Wangoni wa zamani, halafu wataendelea na habari ya bei ya vipuri.

Siwalaumu. Kabla ya lami, masika yakishika, safari ya kutoka Tunduru kupita Namtumbo ilikuwa ya matope na majembe, abiria wakishuka kusukuma basi. Aliyefika Songea alifika hoi, na akili yake yote ilikuwa kwenye kurudi. Siku hizi lami imefika, basi linakwenda, lakini mazoea ya enzi za matope tumebaki nayo. Tunaingia na kutoka mjini kwa haraka ileile, kana kwamba barabara inaweza kufungwa nyuma yetu wakati wowote.

Safari ninayoisimulia hapa ilikuwa ya macho ya mama. Alipimwa, tukaambiwa turudi kesho yake kuchukua majibu. Tulikuwa na siku nzima mikononi na hatukuwa na pa kuipeleka. Mpwa wangu, mtoto wa dada, ndiye aliyetuambia, "Shikamoo mjomba, shikamoo bibi. Mtakaa ndani mnafanya nini? Mie nina bajaji, na leo nimejaza chaji. Njooni niwatembeze mji wenu."

Bajaji yake ni ya umeme. Haina bomba la moshi wala gia. Chini ya kiti kuna betri, nyuma kuna mota, na mbele ya dereva kuna kioo kidogo chenye vijistari vinavyoonyesha chaji iliyobaki. Usiku anaichomeka ukutani nyumbani kama watu wanavyochomeka simu, na gharama anaiona kwenye LUKU. Hadi 2018 jambo hilo lingekuwa gumu Songea, maana mji ulikuwa ukitegemea majenereta ya mafuta, na umeme ulikuwa wa kubahatisha. Mwaka huo ndipo laini ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako ilipouunganisha mji na gridi ya taifa. Nimesoma kwamba Lisbon, mji mkongwe wa Ureno uliojengwa juu ya vilima, watalii hupandishwa vichochoro vya Alfama kwa bajaji za namna hii, na Kigali nao tangu 2019 pikipiki za umeme zinapanda na kushuka vilima kutwa. Songea nao ni mji wa vilima, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na una historia ya kutosha kumfanya mgeni avuke bahari. Wageni kweli wanavuka. Sisi wa mkoa huohuo ndio tunapita.

Mpwa wangu hakuanza na makumbusho. Alianza na mlima wa Matogoro. Alituambia mlima unakula chaji, na watu watatu ndani wanaila zaidi, kwa hiyo mpandaji mwenye akili anapanda asubuhi betri ikiwa imejaa, na anayabakiza maeneo ya bondeni kwa mchana. Tulipoanza kukwea nikawa naangalia kile kioo. Kijistari kimoja kikazimika, kikafuata kingine, na barabara bado inapanda. Kwenye mteremko akaachia mguu, bajaji ikajiendea yenyewe, na akasema hapo mota inarudisha chaji kidogo, japo hairudishi yote iliyoliwa wakati wa kupanda. Mama alikuwa kimya akimsikiliza. Kisha akasema, "Na mie ndivyo nilivyo, mjukuu wangu. Asubuhi nitume popote, jioni uniache nikae." Mpwa akacheka, lakini niliona tangu hapo anapanga njia kwa kumwangalia bibi yake kuliko kuangalia kioo.

Chini ya Matogoro tulisimama. Ile ni hifadhi ya msitu, na ndiko unakoanzia Mto Ruvuma. Nimekua nikiujua Ruvuma kama mpaka, maji mapana kusini mwa wilaya yetu, ng'ambo yake Msumbiji. Wazee wetu waliuvuka kwa mitumbwi kwenda kwenye harusi na misiba, maana Wayao tuko kote kuwili. Kufikiri kwamba maji yale yanaanzia hapa, juu ya vichwa vya watu wa Songea, kisha yanazunguka karibu kilomita 800 hadi Bahari ya Hindi na kutupitia sisi njiani, kulinifanya niuone mkoa huu kwa namna ambayo ramani ya darasani haikuwahi kunionyesha. Mama aliuliza swali moja tu: kama maji yanatoka hapa, watu wa hapa wanayatunza? Mpwa alimwonyesha miti. Mama alitaka kuona zaidi ya miti, lakini miguu haikumruhusu.

Tulipoanza kushuka ndipo nilipogundua kitu kilichokuwa kikitokea tangu asubuhi. Tulikuwa tunaongea. Katika bajaji ya petroli abiria hunyamaza, au hupiga kelele neno moja moja, "Kushoto!", "Hapo!", "Shusha!" Humu mama alikuwa akizungumza kwa sauti yake ya jikoni na mpwa akimjibu bila kugeuza shingo. Waliokuwa kando ya barabara walisikia salamu zetu na wakaitikia. Hata watembea kwa miguu hawakuwa wakisikia tunakuja, ikabidi dereva awe anawaomba njia kwa mdomo, "Samahani mama, tunapita." Nilipenda sana jambo hilo. Mwenye chombo akimwomba njia mwenye miguu, mji mzima unaonekana tofauti.

Mchana tukafika Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, yaliyofunguliwa 1980. Hapa sitapita haraka.

Vita vya Majimaji vilianzia mbali na Songea, kwenye vilima vya Umatumbi mwaka 1905, kwa ujumbe wa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe kwamba dawa yake ya maji itawalinda watu na risasi za Wajerumani. Ungoni maji hayo yaliletwa na Omari Kinjala, na Mputa Gama, nkosi, yaani mtawala, wa Wangoni, akayapokea. Wajerumani walikuwa wamejenga kituo chao cha kijeshi Songea tangu 1897, kwa hiyo watu walikuwa wameshaonja kodi, viboko na kazi za kulazimishwa. Bunduki zikashinda. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa hapo mjini na kuzikwa katika kaburi moja. Wanaokumbukwa pale ni 67. Songea Mbano, nduna, yaani jemadari chini ya nkosi, ambaye mji umebeba jina lake, alinyongwa siku chache baada ya wenzake na ana kaburi lake peke yake. Ukoo wake unaamini kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Chabruma, nkosi wa Mshope, aliwaponyoka, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji na hakurudi. Kwa maana hiyo alivuka mto uleule ambao asubuhi tulikuwa tumesimama chini ya chanzo chake.

Mama hasomi vizuri, na siku hiyo macho yalikuwa na dawa. Tulipofika kwenye majina aliniambia nimsomee. Nikasoma machache, nikanyamaza. Akasema, "Endelea. Soma yote." Nikaendelea. Kila jina aliliitikia kwa sauti ndogo, "Ee," kama mtu anavyoitikia msimuliaji ili asikatishe. Muda ulikuwa mrefu. Vijana wawili waliokuwa wakipiga picha waliacha wakasogea kusikiliza. Mpwa wangu, aliyepita mbele ya lango hilo na abiria mara zisizo na hesabu, alikuwa amevua kofia.

Nilipomaliza nilimweleza mama kwamba kabla ya mashujaa hao kunyongwa, padri mmoja wa Kibenediktini aliruhusiwa kuwabatiza baadhi yao gerezani. Akauliza, "Na wale ambao hawakubatizwa, nani aliwaombea?" Sikuwa na jibu. Yeye ni Mwislamu, akainua mikono akawaombea dua wote kwa pamoja, aliyebatizwa na asiyebatizwa, Wangoni ambao mababu zetu hawakuwa marafiki nao siku zote. Nimewahi kusikia hotuba nyingi za umoja wa kitaifa. Ile dua fupi ndiyo ninayoikumbuka.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale pale, akakutana na ukoo wa Mbano, akasema anaona aibu na akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Aliahidi juhudi za kulitafuta fuvu la Nduna. Nilipozisikia habari hizo redioni nilikuwa Mbesa, nikaona ni jambo la serikali na serikali. Nikiwa nimesimama na mama mbele ya kaburi nililiona ni jambo la ukoo unaosubiri kumzika mtu wake mzima. Kwetu maiti akikosa kiungo hata kidole, mazungumzo msibani hayatulii. Hawa wamekaa na msiba ambao haujatulia kwa zaidi ya miaka 100.

Tulipotoka hatukwenda popote kwa muda. Bajaji ilisimama chini ya mti, na mama akaanza kusimulia. Bibi yake alikuwa mtoto mdogo wakati wa vita vile. Vita vilipokwisha ikaja njaa, kwa sababu Wajerumani na askari wao walichoma mashamba na maghala ili watu wasalimu amri. Yule bibi alikuwa akisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akiwaingiza porini kuchimba ming'oko, na jinsi walivyokatazwa kuwasha moto mchana ili moshi usionekane. Maisha yangu yote nimekula ming'oko. Nimeichimba, nimeiuza barabarani ikiwa imechemshwa. Sikujua kwamba ndiyo iliyoufikisha ukoo wangu hapa.

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kutueleza. Akanijibu bila hasira: "Nyumbani nani ana nafasi? Mashine inasaga, redio inasema, na nyie mnaongea na simu."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Wengi wetu tunalalamika kwamba wazee wanaondoka na historia vifuani, tunataka zirekodiwe, ziandikwe, ziwekwe kwenye mitaala. Nakubali yote hayo. Lakini mama alikuwa hai, mwenye kumbukumbu nzima, nyumba moja na mimi, na simulizi haikutoka mpaka alipopata vitu viwili: kitu mbele yake cha kuiamsha, na utulivu wa kuisema mpaka mwisho. Sitaki kuisifu mashine kupita kiasi. Betri za bajaji hizi zitachoka siku moja, na mpwa wangu mwenyewe ana wasiwasi wa bei ya kununua nyingine. Ila naamini kabisa kwamba bajaji ya kelele ingetufikisha makumbusho na kuturudisha tukiwa tumeona sanamu tu.

Peramiho tuliiacha. Abasia ya Wabenediktini iliyoanza 1898 iko mwendo wa kilomita 20 na ushee magharibi mwa mji, na vijistari vilivyobaki havikutosha kwenda na kurudi. Tulipita karibu na Uwanja wa Majimaji, mpwa akatukumbusha kwamba timu ya mji ilitwaa ubingwa wa Tanzania 1985, 1986 na 1998, akasema kwa fahari ya mtu ambaye mara zote tatu alikuwa hajazaliwa. Chandamali, kilima chenye pango ambalo inasimuliwa Nduna Songea alijificha, tulikitazama kwa mbali. Mama alikuwa amechoka. Niliridhika. Siku ya shughuli humlazimisha mtu amalize kila kitu. Siku ile ilitukatalia baadhi ya mahali na hatukupungukiwa.

Tangu turudi Mbesa mama ameshapanga safari nyingine. Kila Februari hufanyika kumbukizi ya mashujaa pale Mahenge, na anataka wajukuu wawepo, wasome yale majina kwa kupokezana, kila mtoto mistari yake, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Nauli nimeanza kuitenga kwenye malipo ya korosho. Mpwa ameshapiga hesabu zake: watoto hawaenei kwa mkupuo mmoja, atawachukua kwa awamu mbili, wadogo pamoja na bibi kwanza. Na Chandamali, amesema, wataipanda kwa miguu.