Alivuta Pumzi

Nilizima rekoda kwa heshima, au ndivyo nilivyodhani. Tulikuwa Addis Ababa, sebuleni kwa mama mmoja ambaye mwanawe alikwenda Uarabuni kutafuta kazi na hakurudi. Kila nilipomuuliza jambo, alivuta pumzi kwa ghafla, kama mtu aliyechomwa sindano. Kwetu Tanga pumzi ya namna hiyo ni ya maumivu. Mara ya nne nikashindwa. "Basi mama, pole, tuishie hapa." Mkalimani akatafsiri. Mama akanitazama, kisha akaanza kukusanya vikombe. Ndiyo kwanza tulikuwa tumekunywa cha kwanza, na huko kahawa ina mizunguko mitatu. Wa mwisho, jina lake lina asili moja na neno letu, baraka.

Ndani ya teksi mkalimani akauliza nilikuwa na haraka gani. Nikamweleza. Akacheka, halafu akanyamaza. Waethiopia wengi husema "ndiyo" hivyo hivyo, kwa kuvuta hewa ndani. Kumbe mama alikuwa ananijibu, tena ananiambia niendelee.

Kesho yake nilirudi, nikanywa vyote vitatu. Tuliongea habari za mvua na bei ya teff. Kuhusu mwanawe hakunisimulia tena.